Kwa Nini Timur Hakuthubutu Kujiita Khan

Makala ya toleo lililopita kuhusu kuanguka kwa Baghdad mwaka 1258 imetuletea barua nyingi, na karibu zote zinauliza habari za baadaye: wale Wamongolia waliokuja kubomoa walikuwa akina nani hasa, waliingiaje katika Uislamu, na Timur, mtawala wa Samarkand, na Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal huko Uhindi, wanahusikaje nao. Tumechagua barua chache, tukafupisha maswali yake, na kuyajibu kwa kadiri kila moja linavyohitaji.

Nilifundishwa kwamba Timur alikuwa mjukuu wa Genghis Khan. Kaka yangu anabisha, anasema alikuwa Mturuki. Nani kati yetu amesema kweli? (Msomaji, Tanga)

Kaka yako ameukaribia ukweli zaidi, ingawa kauli yake inahitaji ufafanuzi. Timur alizaliwa karibu na mji wa Kesh, ambao leo unaitwa Shahrisabz katika nchi ya Uzbekistan, na mwaka unaotajwa na waandishi wa ukoo wake ni 1336, wakati Genghis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongolia, alikuwa amekwisha kufariki tangu 1227. Kabila lake, Barlas, lilitokana na Wamongolia waliowekwa chini ya Chagatai, mwana wa pili wa Genghis Khan. Hata hivyo, hadi Timur anazaliwa, watu hao walikuwa wamekaa Asia ya Kati zaidi ya miaka mia moja, wameoana na Waturuki wa huko, wanazungumza Kituruki na wanasali kuelekea Makka. Ndiyo sababu wanahistoria huwaita Waturuki-Wamongolia. Wamongolia wenyewe walikuwa wachache tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya majeshi yao ya upande wa magharibi ilikuwa ya Waturuki. Baada ya vizazi vichache lugha ya wengi ikawameza wachache, lakini kanuni za utawala zikabaki za Kimongolia.

Kanuni mojawapo ndiyo iliyomtesa Timur maisha yake yote: hakuna aliyeruhusiwa kuitwa khan, yaani mfalme, isipokuwa mtu wa uzao wa Genghis Khan kwa upande wa baba. Alipomshinda mshirika wake wa zamani, Amir Husayn, huko Balkh mwaka 1370, Timur alikuwa na jeshi, mali na mji wa Samarkand, na hapakuwa na mtu wa kumzuia kujitwalia cheo chochote akitakacho. Badala yake alimtafuta mtu wa uzao wa Ogedei, mwana mwingine wa Genghis Khan, aitwaye Suyurghatmish, akamketisha kwenye kiti na kumwita khan, na yeye mwenyewe akabaki amiri. Suyurghatmish alipofariki, mwanawe Sultan Mahmud alirithi nafasi hiyo, na sarafu ziliendelea kupigwa kwa majina yao. Wala tusidhani Sultan Mahmud alikuwa wa kukaa kitako tu. Alikwenda vitani pamoja na jeshi, na inasimuliwa kwamba ni yeye aliyemkamata Sultan Bayezid wa Waosmani katika vita vya Ankara mwaka 1402.

Njia ya pili ilikuwa ndoa. Mwaka huohuo wa 1370 Timur alimwoa Saray Mulk Khanum, mjane wa Amir Husayn, ambaye baba yake Qazan alikuwa khan wa nchi ya Chagatai. Tangu hapo akajipa jina la heshima la gurgan, yaani mkwe wa nyumba ya khan, na akalitia katika sarafu zake. Hebu fikirini: mtu ambaye jina lake lilitetemesha miji kuanzia Delhi hadi pwani ya Bahari ya Aegean alijitambulisha kwa ukoo wa mkewe.

Njia ya tatu ilikamilishwa na wazao wake, na bado inasomeka. Kaburi lake liko Samarkand, katika jengo liitwalo Gur-e Amir, na juu yake pamewekwa jiwe la yade lenye rangi ya kijani iliyokolea hata ikakaribia weusi. Nasaba iliyochongwa hapo inapanda kutoka kwa Timur na baba yake Taraghay hadi kwa Qarachar, amiri wa zama za Genghis Khan, kisha hadi kwa Tumanay Khan, ambaye Genghis Khan naye ni wa uzao wake. Kwa maneno mengine, waandishi hawakudai kwamba Timur ni mtoto wa Genghis. Walidai kwamba wawili hao walitoka kwa babu mmoja. Nasaba haikuishia hapo. Inapanda hadi kwa mwanamke Alanquva, ambaye masimulizi ya Wamongolia yanasema alishika mimba kwa nuru iliyoingia hemani mwake, na maandishi ya kaburini yanaongeza kwamba aliyemjia katika nuru hiyo alikuwa wa uzao wa Ali bin Abi Talib.

Wanahistoria wengi wa leo wana shaka kubwa na silsila hiyo, hasa sehemu ya Tumanay Khan. Mimi naona thamani yake haiko katika ukweli wa kila jina. Watawala hawa walihitaji ruhusa mbili ili watiiwe, moja kutoka nyikani na moja kutoka msikitini, na hapo kaburini zote mbili zimefungwa katika silsila moja. Msomaji wa pwani, anayejua uzito wa kuulizwa wewe ni wa ukoo gani na shajara yako iko wapi, hatahitaji maelezo zaidi.

Je, ni kweli kwamba kufunguliwa kwa kaburi la Timur ndiko kulikosababisha Ujerumani kuivamia Urusi? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Kaburi lilifunguliwa kweli mwezi Juni 1941 na wataalamu wa Kisovieti, akiwamo Mikhail Gerasimov, bingwa wa kuunda upya sura za watu kutokana na mafuvu, na uvamizi ulianza alfajiri ya 22 Juni, siku chache tu baadaye. Lakini Hitler alitia saini agizo la vita hivyo tarehe 18 Desemba 1940, miezi sita kabla ya jiwe la kaburi kuguswa, na majeshi yake yalikuwa yamekwisha kupangwa mpakani. Inasikitisha kwamba hadithi ya laana imefunika matokeo ya kazi yenyewe. Mifupa ilithibitisha kwamba Timur alikuwa na ulemavu wa mguu wa kulia na mkono wa kulia, kama Waajemi walivyomwita Timur-i Lang, yaani Timur Kiguru. Mabaki ya mjukuu wake Ulugh Beg, yaliyomo katika jengo hilohilo, yalionyesha kwamba alikatwa kichwa, na habari zake zinakuja hapa chini.

Inawezekanaje watu waliomuua Khalifa wa Baghdad wakawa, baada ya muda mfupi, masultani wa Kiislamu? Nani aliwasilimisha? (Msomaji, Mombasa)

Halikutokea kwa siku moja, wala halikutokea kwa upanga, kwa kuwa upanga ulikuwa mikononi mwao wenyewe. Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, aliingia Baghdad mwezi Februari 1258. Khalifa al-Musta'sim aliuawa, na mapokeo mengi yanasema kwamba alifungwa ndani ya zulia akakanyagwa na farasi, kwa sababu Wamongolia waliona ni mwiko kuimwaga ardhini damu ya mtawala. Lakini wakati huohuo binamu ya Hulagu, Berke, aliyetawala Wamongolia wa nyika za mto Volga, alikuwa Mwislamu tayari, na masimulizi yanamtaja shekhe Sayf al-Din Bakharzi wa Bukhara kuwa ndiye aliyemsilimisha. Mwaka 1262 Berke aliingia vitani dhidi ya Hulagu, akaungana na Sultan Baybars wa Misri. Naomba msomaji asione dini peke yake katika vita hivyo; malisho ya Azerbaijan, yenye majani ya kutosha kulisha farasi wengi, yaligombaniwa vikali na pande zote mbili.

Wamisri nao wana kisa chao. Mwezi Septemba 1260, huko Ain Jalut katika Palestina, jeshi la Wamamluki chini ya Sultan Qutuz lililishinda jeshi ambalo Hulagu aliliacha Shamu (Syria). Wamamluki walikuwa askari walionunuliwa utumwani wakiwa vijana, na wengi wao walikuwa Waturuki wa Kipchak ambao makabila yao yalikuwa yametawanywa na Wamongolia haohao. Baybars mwenyewe, aliyepigana siku hiyo na baadaye akawa sultani, alikuwa mmoja wao. Waliuzwa kwa sababu ya Wamongolia, wakanunuliwa na Misri, wakarudi kuwapiga Wamongolia.

Katika Uajemi mambo yalichukua muda mrefu zaidi. Ghazan, kitukuu cha Hulagu, alisilimu mwaka 1295 alipokuwa akigombea kiti, na aliyemshawishi ni amiri wake Nawruz, ambaye alikuwa Mwislamu. Kwa maoni yangu askari walitangulia na mtawala akafuata: sehemu kubwa ya jeshi ilikuwa imekwisha kusilimu kwa kukaa na wenyeji, kwa kuoa na kwa kuwafuata mashekhe wa kisufi waliotembea kambi kwa kambi, na mgombea mwenye akili hakuwa na sababu ya kubaki nje. Ghazan akamtumia waziri Rashid al-Din, tabibu aliyetoka katika familia ya Kiyahudi akasilimu, na waziri huyo akaandika historia ya Wamongolia na ya mataifa waliyokutana nayo, kitabu ambacho mpaka leo hakuna anayeandika habari hizi bila kukirudia. Hata hivyo Ghazan aliivamia Shamu mwaka 1299 kama wahenga wake. Ibn Taymiyya, aliyekuwamo katika ujumbe wa wanavyuoni waliotoka Dameski kwenda kumwona, alitoa baadaye fatwa kwamba watu wanaotamka shahada huku wakihukumu kwa sheria ya Genghis Khan yafaa wapigwe vita. Swali la msomaji wetu, kwa hiyo, liliulizwa pia na watu wa zama zile.

Kisa kimoja kinaonyesha kwa karibu jinsi mambo yalivyokuwa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita miaka michache baadaye katika kambi ya Tarmashirin, khan wa Chagatai aliyekuwa amesilimu. Anaeleza kwamba siku moja wakati wa sala ya alasiri mtumishi alikuja na mswala wa khan, akautandika mbele ya mihrabu, akamwomba imamu asubiri kidogo kwa kuwa bwana wake anatawadha. Imamu akauliza: sala ni ya Mwenyezi Mungu au ni ya Tarmashirin? Kisha akamwamuru mwadhini akimu. Khan alipofika, rakaa mbili zilikuwa zimekwisha kusaliwa; akasimama nyuma kabisa, mahali watu wanapoacha viatu karibu na mlango, akamalizia zilizompita, halafu akamwendea imamu huku akicheka na kumpa mkono. Baadaye akamwambia Ibn Battuta kwamba atakaporudi kwao awasimulie watu jinsi fakiri mmoja wa Kiajemi anavyomfanyia sultani wa Waturuki.

Naipenda sana habari hii, lakini isisomwe bila mwisho wake. Mwaka 1334 maamiri walimwondoa Tarmashirin, wakimshutumu kwamba ameiacha Yasa, yaani sheria ya Genghis Khan, na kwamba anakaa upande wa miji bila kwenda mashariki kwenye mkutano wa kila mwaka. Mswala ulimpatia heshima ya wanavyuoni, ukampotezea utii wa wapanda farasi. Timur alizaliwa katika nchi hiyohiyo baada ya hapo, na ndiyo maana alijifunza kuwa mwangalifu kwa pande zote mbili.

Timur alijiona mtetezi wa dini. Mbona miji mingi aliyoiharibu ilikuwa ya Waislamu? (Mwanafunzi wa historia, Morogoro)

Sababu ya kwanza ni ya ndani. Maamiri wa Chagatai walikuwa na desturi ya kuhama upande kila walipoona faida, na Timur mwenyewe alikuwa amefanya hivyo ujanani. Alipopata mamlaka aliona kwamba njia salama ya kuwaweka pamoja ni kuwapeleka vitani mbali na nyumbani na kuwagawia nyara. Nyara zilikuwa mahali palipokuwa na utajiri, na utajiri uliokuwa karibu ulikuwa katika miji ya Waislamu: Herat, Isfahan, Baghdad, Delhi, Halab, Dameski. Kila safari ilipewa udhuru wake. Mtawala huyu ni mdhalimu, yule amewaacha wanyang'anyi wakatishe njia za mahujaji, masultani wa Delhi wamewaonea huruma mno Wahindu. Nyudhuru hizo ziliandikwa kwa Kiajemi kizuri na waandishi waliolipwa, na msomaji anapaswa kuzisoma akiwa macho.

Nataka tusimame Isfahan. Mji huo ulijisalimisha mwaka 1387 na ukakubali kulipa fidia, lakini usiku wenyeji waliinuka na kuwaua watoza mali pamoja na askari waliokuwa mjini. Timur akaamuru kila kikosi kilete idadi maalumu ya vichwa vya watu. Waandishi wa ukoo wake wenyewe wanaandika kwamba baadhi ya askari hawakutaka kuwaua Waislamu wenzao, wakanunua vichwa kutoka kwa wengine ili watimize hesabu, na kwamba bei ilianza juu ikashuka upesi kadiri mauaji yalivyoendelea. Mwanahistoria Hafiz-i Abru anasema aliuzunguka mji upande mmoja tu akahesabu minara 28 ya vichwa, kila mnara ukiwa na vichwa vipatavyo 1,500. Jumla inayotajwa kwa kawaida ni watu 70,000. Hesabu za zama hizo hazipaswi kupokewa kama za sensa, lakini habari ya soko la vichwa haikutungwa na adui. Iliandikwa na watu waliokula chumvi ya nyumba yake. Ninawaomba wasomaji wanaotuandikia kwa kumsifu Timur kama shujaa wa Uislamu wairejee habari hiyo kwanza. Mafundi aliwahifadhi, kwa sababu aliwahitaji Samarkand: waashi, wachongaji, wafumaji na wahunzi walipelekwa huko kwa lazima kutoka kila mji ulioanguka, na msikiti mkubwa wa Bibi Khanum, ulioanza kujengwa mwaka 1399 baada ya vita vya Delhi, ni kazi ya mikono yao.

Aliyemwona kwa jicho la mwanachuoni ni Ibn Khaldun. Alikuwa Dameski mwaka 1401 mji ulipozingirwa, na kwa kuwa waliokuwa mjini hawakukubaliana kuhusu kufungua milango, aliteremshwa ukutani kwa kamba ili aende kwa Timur. Alikuwa amekwisha kuandika nadharia yake kwamba dola hujengwa na asabiya, ule mshikamano wa kundi unaokuwa na nguvu nyikani na kulegea mjini, na sasa alikuwa uso kwa uso na mfano mkubwa kuliko yote aliyoyasoma. Timur akamhoji kuhusu Maghreb, akamtaka amwandikie maelezo ya nchi hizo, naye akaandika. Alimpelekea zawadi za msahafu, mswala, nakala ya kasida ya Burda na masanduku manne ya halua ya Misri. Katika mazungumzo yao Timur alimuuliza kuhusu nyumbu wake na kutaka kumnunua. Wakati wakizungumza, Dameski ilikuwa inaelekea kuporwa na kuchomwa.

Mwaka uliofuata, Julai 1402, Timur alimshinda Bayezid karibu na Ankara, baada ya sehemu ya jeshi la Bayezid kumhama. Bayezid alikufa kifungoni mwaka 1403, wanawe wakagombea kiti hadi 1413, na Konstantinopoli, iliyokuwa imezingirwa naye kwa miaka, ikapata nusu karne zaidi ya kuishi kama mji wa Kikristo. Timur alifariki Otrar mwezi Februari 1405 akiwa njiani kwenda kuipiga Uchina, safari ambayo ingempa adui mkubwa asiye Mwislamu.

Kwa nini katika koo hizi kila mtawala alipofariki, wanawe na ndugu zake waliuana? (Msomaji, Muscat)

Kwa sababu nchi haikuhesabiwa kuwa mali ya mtu mmoja. Tangu Genghis Khan, aliyewagawia sehemu wanawe Jochi, Chagatai, Ogedei na Tolui, dola ilihesabiwa kuwa ya ukoo mzima, na kila mwanamume wa ukoo alikuwa na haki ya kuigombea. Mzaliwa wa kwanza hakuwa na upendeleo wa kisheria, na usia wa marehemu haukumfunga mtu. Timur aliusia kiti kwa mjukuu wake Pir Muhammad. Mjukuu mwingine, Khalil Sultan, akawahi kuitwaa Samarkand. Pir Muhammad akauawa mwaka 1407. Na mwaka 1409 mji ukaangukia kwa Shah Rukh, mwana wa Timur aliyekuwa akitawala Herat.

Shah Rukh alimweka Samarkand mwanawe Ulugh Beg, na hapa nitaomba radhi kwa kukawia, kwa sababu watu kama yeye ni nadra katika historia ya viti vya enzi. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na falaki kwa kazi yake mwenyewe, wala si kwa kuwalipa wengine. Alijenga kituo cha kutazamia nyota chenye tao kubwa la kupimia, ambalo sehemu yake iliyochimbwa chini ya ardhi ipo mpaka leo, na majedwali aliyoyatoa pamoja na wanazuoni wake yana mahali pa nyota 1,018, zilizopimwa upya badala ya kunakiliwa tu kutoka kwa Wayunani. Mwaka 1449 aliasiwa na mwanawe Abd al-Latif, akashindwa, akaomba ruhusa ya kwenda Makka kuhiji, na akauawa njiani kwa amri ya mwana huyo. Abd al-Latif naye hakumaliza mwaka. Aliuawa mwaka 1450.

Waosmani walilitatua tatizo hilo kwa njia nyingine, ambayo siwezi kusema ni bora: nchi haikugawanywa, na aliyekalia kiti aliwaua ndugu zake. Mehmed III alipotawazwa mwaka 1595 aliwanyonga ndugu 19. Huko Uhindi, wazao wa Timur walibaki na desturi ya zamani. Shah Jahan alipougua mwaka 1657 wanawe wanne waliingia vitani, Aurangzeb akashinda, akamfungia baba yake ngomeni Agra na kumuua kaka yake Dara Shikoh mwaka 1659.

Watawala wa Mughal waliojenga Taj Mahal walitoka wapi? Je, ni Wahindi? (Msomaji, Bukoba)

Walitoka Fergana, katika Uzbekistan ya leo, na walifika Uhindi kwa sababu walifukuzwa kwao. Babur, aliyezaliwa 1483, alikuwa wa uzao wa Timur kwa baba na wa Genghis Khan kwa mama. Alirithi kiti akiwa mtoto mwaka 1494, akaitwaa Samarkand mara kadhaa na kuipoteza kila mara. Aliyemng'oa ni Shaybani Khan wa Wauzbeki, mtu wa uzao wa Jochi kwa upande wa baba, yaani khan halali kwa kipimo ambacho Timur hakukifikia. Nyumba iliyotawala kwa miaka mia moja na thelathini kwa cheo cha ukwe iliondolewa Samarkand na mwenye damu yenyewe.

Babur akaenda Kabul mwaka 1504, na tarehe 21 Aprili 1526 akakutana na Sultan Ibrahim Lodi huko Panipat, kaskazini ya Delhi. Katika kumbukumbu alizoziandika mwenyewe kwa Kituruki cha Chagatai, anasema watu wake hawakuzidi 12,000 pamoja na watumishi, na anakadiria kuwa adui alikuwa na watu 100,000 na tembo karibu 1,000. Alifunga magari 700 kwa kamba za ngozi mbichi, akawaweka wenye bunduki nyuma yake kama walivyofanya Waosmani, na wapanda farasi wakazunguka pande zote mbili. Kufikia adhuhuri Ibrahim Lodi alikuwa ameuawa. Nchi aliyoishinda hakuipenda. Analalamika kwamba haina zabibu nzuri, wala matikiti, wala barafu, wala hamamu, na anakiri kwamba alipokata tikiti lililoletwa kutoka kwao alilia.

Wajukuu zake ni habari nyingine. Akbar, aliyetawala 1556 hadi 1605, alizaliwa Sindh, alioa katika nyumba za Warajput, yaani wakuu wa Kihindu, na mwaka 1564 akaifuta jizya waliyotozwa wasio Waislamu. Mama wa Jahangir na mama wa Shah Jahan walikuwa Warajput. Kwa hiyo jibu langu kwa msomaji wa Bukoba ni kwamba walikuja wakiwa wageni na wakawa Wahindi kwa damu, kwa chakula na kwa makaburi, lakini katika vyeo waliendelea kujitaja kuwa wa nyumba ya Timur. Timur aliitwa Sahib Qiran, bwana wa mkutano wa nyota njema, na Shah Jahan, aliyemjengea mkewe Mumtaz Mahal Taj Mahal, alijiita Sahib Qiran wa pili. Wa mwisho wao, Bahadur Shah, alihukumiwa na Waingereza baada ya maasi ya 1857, akapelekwa Rangoon, na kufia huko mwaka 1862.

Kuna Mwafrika yeyote aliyepambana na watawala hawa? (Msomaji, Lamu)

Yuko, na anastahili kujulikana zaidi katika shule zetu. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi katikati ya karne ya 16, akauzwa utumwani akiwa kijana, akapitia mikono ya mabwana kadhaa katika nchi za Waarabu, na mwishowe akafikishwa Dekkani, kusini ya milki ya Mughal, ambako masultani waliwatumia Wahabeshi wengi kama askari. Alipokuwa huru alikusanya jeshi lake mwenyewe. Ahmadnagar, mji mkuu wa usultani mmoja wa Dekkani, ulipoangukia mikononi mwa Akbar mwaka 1600, alimketisha kwenye kiti mwana wa ukoo wa masultani wa nchi hiyo na yeye akatawala kama waziri, utaratibu ambao Timur angeutambua mara moja. Wapanda farasi wake wepesi, wengi wao Wamaratha, wenyeji wa Dekkani, walikwepa mapigano ya uwandani, wakakata njia za chakula na kushambulia usiku, na jeshi zito la Mughal halikuweza kumkamata. Alirekebisha pia utozaji wa kodi ya ardhi, akajenga mji wa Khadki pamoja na mifereji ya maji, mji ambao baadaye ulipewa jina la Aurangzeb.

Jahangir alimchukia mno. Mchoraji wake Abu'l Hasan alichora picha inayomwonyesha mfalme amesimama juu ya tufe la dunia, amevuta upinde, akilenga mshale kwenye kichwa cha Malik Ambar kilichotungikwa kwenye mkuki. Jambo hilo halikutokea popote isipokuwa kwenye karatasi hiyo, kwa sababu Malik Ambar alifariki mwaka 1626 kwa uzee, akiwa bado na jeshi lake na nchi yake. Mwandishi wa Jahangir, Mu'tamid Khan, alipoandika habari za kifo hicho alikiri kwamba katika vita, katika uongozi na katika busara mtu huyo hakuwa na mfano. Ahmadnagar ilidumu miaka kumi tu baada yake, na mwaka 1636 Shah Jahan akaimaliza.